Kisima cha mita 240 Rongai: radoni inapanda na kushuka kila siku. Dalili ya tetemeko nitaijuaje?

MajiYaRongai anauliza:

Habari zenu wadau. Tuna kisima cha mita 240 hapa Ongata Rongai, keisi ya inchi 6. Pampu ikizimwa maji husimama kwenye mita 140 hivi. Kinahudumia nyumba za kupangisha, kwa hiyo pampu inanguruma kila siku, asubuhi na jioni, stima ikiwepo. Tumeweka loga (kifaa kinachojiandikia vipimo) ya kina cha maji yenye upeo wa mita 50 na kipimo cha upitishaji umeme wa maji (unaoonyesha wingi wa chumvi) kwenye bomba la kutokea, na tumeazimwa mashine ya RAD7 ya kupima radoni (gesi ya mionzi itokayo ardhini) kwenye maji na kwenye hewa ya udongo.

Tatizo ni kwamba hakuna kinachotulia. Radoni ya udongo ina mawimbi kila siku, ya maji inaruka bila mpangilio, na upitishaji umeme nao hubadilika kati ya wiki na wiki. Nimesoma kuhusu Tashkent 1966 na Kobe 1995, ambako radoni kwenye visima ilipanda kabla ya tetemeko. Nitatenganishaje dalili kama hiyo na kelele za kawaida? Na je, kisima kinachovutwa kila siku kinafaa kwa kazi hii? Wapangaji nao wanauliza kama maji yakibadilika rangi watoke nyumbani.

---

MkemiaWaMiamba anajibu:

Ndugu, anza na udongo, maana hayo mawimbi ya kila siku yana mwenyewe. Hapa tuko karibu na ikweta, na shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku kwa ratiba: linafika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, linafika chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali 2 hadi 4. Likishuka, hewa ya chini yenye radoni nyingi huvutwa juu. Likipanda, hewa ya nje husukumwa ndani ya udongo. Weka kipima shinikizo palepale kwenye kituo, kiandike kila dakika 10, kisha chora grafu mbili juu ya karatasi moja. Utaona nyingine ni kivuli cha mwenzake. Namba za shinikizo za kwenye tovuti za hali ya hewa usizitumie, kwa sababu nyingi zimerekebishwa ziwe za usawa wa bahari. Rongai unatakiwa kuona kati ya hektopaskali 820 na 840. Ukiona 1,015 jua umechukua namba isiyo yako.

Mvua ni kisa kingine. Udongo wa juu ukilowa, matundu huziba na radoni hujikusanya chini ya hapo, kwa hiyo kipimo cha hewa ya udongo cha kina cha sentimita 80 hupanda sana siku mbili tatu za mwanzo wa masika. Na kama umepiga chuma chako cha kuvutia hewa ya udongo kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi utapasuka na hewa ya nje itaingia kwa njia ya mkato hadi kwenye ncha. Zungushia chuma udongo wa mfinyanzi uliolowa, ukanyage, na urudie kila unapoona nyufa. Toroni, aina ya radoni yenye maisha mafupi, itakusaidia kukagua. Yenyewe hupungua nusu kwa sekunde 56 tu, hivyo mrija mrefu au pampu ya hewa iliyochoka huipoteza njiani. Radoni ikibaki ilivyo na toroni ikaanguka, kagua mtiririko wa hewa. Zikianguka zote mbili kwa pamoja, kuna mahali hewa ya nje inaingia.

Sasa maji. Mahali pa kuchukulia sampuli ni mfereji ulio kabla ya tangi, kamwe si baada yake, kwani maji yakimwagika tu ndani ya tangi radoni imetoka. Tumia chupa ya kioo ya mililita 250. Peleka mrija hadi chini kabisa ya chupa, acha maji yafurike mara kadhaa ya ujazo wake, kisha funga chupa ikiwa chini ya maji ndani ya ndoo. Igeuze: ukiona tone la hewa, mwaga uanze upya. Andika saa na dakika. Radoni-222 hupungua nusu kwa siku 3.82, kwa hiyo sampuli iliyopimwa baada ya saa 24 inazidishwa kwa 1.20, na ya saa 48 kwa 1.44. Ukisahau hesabu hii, kila wikendi itaonekana kama radoni imeshuka.

Kwenye mashine, mzunguko wa kawaida ni dakika 30: hewa inapulizwa ndani ya chupa kwa dakika 5, unangoja 5, halafu hesabu nne za dakika 5. Unyevu ndani ya mashine ubaki chini ya asilimia 10. Hapa ndipo watu wengi huanguka. RAD7 hukusanya poloni-218 (chembe inayozaliwa radoni inapovunjika) kwa nguvu ya umeme, na mvuke wa maji huzima chaji ya chembe hizo kabla hazijafika kwenye kipokezi. Kikaushio cha buluu kikigeuka waridi, namba zako zinashuka, na msimu wa mvua utaandika «anguko la radoni» ambalo halikuwepo. Kausha chembechembe hizo kwenye oveni au uzibadilishe kabla robo ya mwisho haijageuka. Kati ya sampuli na sampuli pitisha hewa kavu kwa dakika 10, na usome dirisha la poloni-218 peke yake, kwani hilo hujisafisha haraka. Vizazi vinavyofuata hukaa kwa saa kadhaa na kuchafua sampuli inayokuja.

Jambo la mwisho kuhusu kuhesabu. Ukihesabu mipigo 100, kosa lake ni mzizi wa 100, yaani 10. Kwa hiyo 100 leo na 112 kesho ni namba moja. Na ukifunga mfumo wa kupima maji mfululizo, lazima joto la maji liandikwe: maji yakitoka nyuzi 20 yakafika 25, radoni ileile ndani ya maji itaonyesha kama asilimia 15 zaidi upande wa hewa, kwa sababu maji ya moto hushika gesi kidogo. Bomba lililolala juani linatosha kufanya hivyo.

---

FundiVisima_Kiserian anajibu:

Mkemia amesema vizuri. Mimi naongezea upande wa pampu, na nadhani mzizi wa kuruka kwa namba za maji yenu uko hapo.

Keisi ya inchi 6 inabeba lita 18 kwa kila mita. Mna mita 100 za maji ndani, hizo ni lita 1,800 zilizokaa zikipoteza gesi. Kabla ya sampuli, toeni mara tatu ya hizo, yaani lita 5,400. Pampu ya mita 4 za ujazo kwa saa inahitaji saa moja na dakika 20. Halafu angalieni kipimo cha upitishaji umeme: usomaji mitatu, dakika 5 kati yake, usipishane zaidi ya asilimia 3. Hapo ndipo chupa inajazwa. Leo mkichukua baada ya dakika 10 na kesho baada ya saa mbili, mmechukua maji mawili tofauti.

Tena si tofauti ya gesi tu. Visima vya upande huu hupita lava, tufu (majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba) na mashapo yaliyolala katikati, na mchimbaji hukutana na maji zaidi ya mara moja. Tafuteni ripoti yake ya kumaliza kisima, itaonyesha maji yalipatikana mita ngapi na ngapi. Pampu ikianza, tabaka linalotoa upesi ndilo linaloongoza. Ikiendelea, la chini lenye floraidi na chumvi zaidi linachangia zaidi. Sasa stima ikipotea asubuhi, tangi linakauka, jioni mnavuta saa tano mfululizo. Upitishaji umeme unapanda, na tetemeko halijahusika popote. Dawa yake ni kuwa na saa moja ya kuwasha, muda mmoja wa kuvuta, na dakika moja ya kuchukua sampuli, kila siku ya sampuli. Fungeni pia kifaa cha kuandika saa pampu ilipowaka na kuzimika. Bila rekodi hiyo sioni mtu atakayeweza kuzitafsiri data zenu.

Kuhusu loga: upeo wa mita 50 wenye usahihi wa asilimia 0.05 unamaanisha kosa la sentimita 2.5. Mnachotafuta ni cha sentimita moja au mbili. Mabadiliko ya shinikizo ya hektopaskali 3 ni sawa na sentimita 3 za maji, na kisima kinachoitikia kwa nusu kitacheza sentimita 1.5. Loga ya mita 50 ililazimika kwa sababu maji hushuka sana pampu ikiwaka. Kwa hiyo tafuteni kisima cha jirani kilichoachwa, ambacho hakivutwi, mshushe ndani yake loga ya mita 10. Cha kwenu kiwe cha kemia, hicho kingine kiwe cha kina. Jirani anayevuta naye mjueni na mwandike ratiba yake, maana kisima cha mita 300 mbali kinaweza kuvuta maji yenu.

Shusheni loga ndani ya bomba la kupimia, si pembeni ya waya wa pampu, itasokotana. Kama ni ile yenye mrija wa hewa, chujio la kikaushio juu yake likaguliwe kila mwezi. Unyevu ukiziba mrija, loga huanza kusoma shinikizo la jana.

Wapangaji waambiwe hivi: maji mekundu ni chuma au kutu ya mabomba, maji ya tope ni pampu iliyovuta karibu na sakafu ya kisima au chujio lililopasuka. Aitwe fundi. Kuna visima ambavyo maji huchafuka baada ya ardhi kutikisika, hilo ni kweli, lakini ni baada.

---

MajiYaRongai:

Asanteni sana, wakubwa wangu. Ratiba ya pampu tunaibadilisha kuanzia wiki ijayo, na jirani ana kisima kilichoachwa. Lakini swali langu la Kobe bado. Kama kila kitu kinaweza kuelezwa na mvua na pampu, wale wa Japani waliona nini?

---

DadaIsotopu anajibu:

Waliona kitu halisi, kaka, na inafaa kujua ni kipi.

Kobe ilitikiswa Januari 17, 1995. Kwenye kisima kifupi cha mita 17 huko Nishinomiya, kilomita 30 hivi kutoka kitovu, radoni ilikuwa ikipanda tangu mwisho wa 1994, ikafika kilele Januari 8, zaidi ya mara kumi ya kiwango cha mwanzo, kisha ikaanza kushuka siku tisa kabla ya tetemeko. Kando ya hapo, Tsunogai na Wakita wa Chuo Kikuu cha Tokyo walifanya jambo la akili sana: walikusanya chupa za maji ya madini zilizokuwa tayari madukani na majumbani, zenye tarehe ya kujazwa juu yake, kutoka visima vya eneo hilo. Walipima kloraidi na salfeti, wakaona vinapanda kuanzia Agosti 1994. Uzuri wa chupa hizo ni kwamba ziliwekwa muhuri kabla mtu yeyote hajajua kitakachotokea. Lakini aliyechagua kuzipima alikuwa tayari anajua.

Ndiyo maana Húsavík, kaskazini mwa Iceland, ninaipa uzito zaidi. Timu ya Alasdair Skelton ilichukua sampuli kila wiki tangu 2008, ikaona sodiamu na isotopu za hidrojeni (atomi zake nyepesi na nzito) zikibadilika miezi 4 hadi 6 kabla ya matetemeko ya Oktoba 2012 na Aprili 2013, yote ya kipimo cha zaidi ya 5. Maelezo yao ni kwamba mwamba hujifungua nyufa ndogondogo unapokazwa, na maji ya tabaka moja hukutana na ya tabaka jingine au hugusa uso mpya wa mwamba. Ni utaratibu uleule Fundi alioueleza wa matabaka kuchanganyika, isipokuwa kinachochanganya ni ardhi badala ya pampu. Kwa hiyo pampu ikiachwa bila kudhibitiwa, inaiga dalili yenyewe unayoitafuta. Na matetemeko mawili bado ni mawili.

Kwa kemia, chujeni maji papo hapo kwa kichujio cha mikromita 0.45. Chupa moja ya plastiki itiwe asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2, hiyo ni ya sodiamu, kalsiamu na wenzake. Nyingine isitiwe asidi, ni ya kloraidi, salfeti na floraidi. Bikaboneti pimeni siku hiyohiyo, kwa sababu gesi ya kaboni dayoksaidi ikitoroka, pH inapanda na kalsiamu inaweza kuganda. Baadaye jumlisheni chaji chanya na hasi. Zikipishana zaidi ya asilimia 5, matokeo hayo yasitumike. Ya isotopu za oksijeni na hidrojeni ijazwe hadi mdomoni na ifungwe kabisa, bila asidi, maana ikivukiza kidogo tu inageuka nzito. Heliamu hupenya plastiki na hata kioo, hivyo huchukuliwa kwa mrija wa shaba unaobanwa ncha zote mbili. Ni ghali, msianze nayo, ila mara moja kwa mwaka itawaambia mengi: uwiano wa heliamu-3 kwa heliamu-4 wa gesi ya ukoko wa dunia ni kama 0.02 ya ule wa hewa, na wa vazi la dunia, yaani tabaka lililo chini ya ukoko, ni kama mara 8 ya hewa.

Na hapa kwetu hilo lina maana kuliko sehemu nyingi. Utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu bonde la Magadi na Natron ulionyesha kaboni dayoksaidi ya kutoka kwenye vazi la dunia ikipanda kupitia nyufa zilizo mbali na volkano, ikakadiriwa kama tani milioni 4 kwa mwaka. Rongai uko mabegani mwa Bonde la Ufa. Kwangu mimi, kujua kama gesi hiyo inafika kwenye kisima chenu, na inabadilikaje mvua na kiangazi, ni tokeo zuri hata ardhi isipotikisika.

---

MhesabuMitetemo anajibu:

Niingie upande wa hesabu, kwa kuwa humu ndimo madai mengi ya utabiri hufia.

Watu hutoa wastani, wakachora mistari miwili ya mikengeuko sanifu 2 (mkengeuko sanifu ni kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani), kila kinachovuka wakakiita dalili. Data isiyo na chochote ndani yake, yenye mtawanyiko wa kawaida, huvuka mistari hiyo asilimia 4.6 ya wakati. Kwa kipimo kimoja kwa siku hiyo ni siku 16 au 17 kwa mwaka. Ukisema kila dalili inakaa hai kwa siku 30, karibu robo tatu ya mwaka iko ndani ya tahadhari, na matetemeko mengi yatakuwa «yametabiriwa».

Halafu kuna umbali. Kanuni ya Dobrovolsky ya 1979 inatoa nusu-kipenyo, kwa kilomita, cha duara ambamo dalili za tetemeko zinaweza kuonekana: 10 iliyopandishwa kwa 0.43 mara kipimo cha tetemeko: kipimo 4 ni kilomita 52, kipimo 5 ni 141, kipimo 6 ni 380. Tetemeko la Gelai, kaskazini mwa Tanzania, la Julai 17, 2007, lilikuwa 5.9 na lilisikika hadi Nairobi. Liko chini ya kilomita 200 kutoka kwenu, ndani ya duara lake. Lakini kundi lile la matetemeko lilianza kutikisika siku kadhaa kabla, na mitetemo ya awali ndiyo onyo ambalo vipima mitetemo hulinasa waziwazi. Kabla ya tetemeko la Haicheng, China, Februari 1975, watu walihamishwa hasa kwa sababu ya mitetemo hiyo. Mwaka uliofuata Tangshan haikupata onyo, na watu zaidi ya 240,000 walikufa, ingawa nchi ileile ilikuwa ikipima visima na radoni kwa bidii. Baada ya tetemeko la L'Aquila la 2009, tume ya kimataifa iliyoitwa na Italia ilipitia radoni, maji na mengineyo, ikasema 2011 kwamba hakuna kilichothibitika kutabiri.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwaka wa kwanza ni wa kujifunza tu. Tafuteni kwa regresheni (hesabu inayoonyesha kila kisababishi kinachangia kiasi gani) mchango wa shinikizo, mvua (ya siku hiyo na ya wiki zilizopita), joto na saa za pampu. Toeni michango hiyo, mbaki na masalio. Kisha andikeni kanuni moja kabla ya mwaka wa pili kuanza, mfano: masalio ya radoni na ya upitishaji umeme yote mawili yavuke mikengeuko 3 kwa siku tatu mfululizo, tahadhari idumu siku 30, tetemeko liwe la 4.5 au zaidi ndani ya kilomita 100. Itumeni kwa barua pepe kwa watu watatu wasio kwenye mradi, ili tarehe ibaki. Baada ya hapo hesabuni yote: matetemeko yaliyotanguliwa na tahadhari, yaliyokosa, tahadhari za bure, na sehemu ya muda mliokaa kwenye tahadhari. Kama mlikaa kwenye tahadhari asilimia 40 ya muda na mkapata asilimia 40 ya matetemeko, hamna kitu.

Matetemeko ya kiwango hicho karibu na Nairobi si ya kila mwaka, itachukua muda mrefu. Kinachoweza kupatikana mapema ni mwitikio wa wakati wa tetemeko na baada yake. Tetemeko la Sumatra la Desemba 26, 2004 liliyumbisha maji kwenye kisima kimoja Virginia, Marekani, karibu futi 3. Loga ya kisima kilichoachwa ikiandika kila sekunde itanasa mawimbi. Ikiandika kila dakika itanasa ngazi inayobaki, yaani kina kilichohama na kukaa hapo. Linganisheni na kituo cha mitetemo cha Kilima Mbogo. Saa ya loga iwekwe UTC (saa ya kimataifa) na ikaguliwe kila mara data inapopakuliwa, kwani orodha za matetemeko ziko UTC na sisi tuko mbele saa 3. Mkichanganya, athari ya tetemeko inaweza kusogea saa tatu kabla yake na mtatangaza utabiri.

---

MajiYaRongai:

Nimeelewa. Tunaanza na kisima cha jirani na ratiba ya pampu, mashine ya radoni ipime maji mara moja kwa wiki, udongo tuuache kwanza. Chemba ya kisima cha jirani iko mita mbili chini ya ardhi, imefunikwa kwa zege. Loga tutaifunga humo.

---

FundiVisima_Kiserian:

Hapo kwenye chemba simama kwanza. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa na hulala chini ya shimo lililofunikwa. Upande wa Kereita gesi hii huvutwa kutoka ardhini kwa biashara, kwa hiyo ipo ukanda huu. Fungua mfuniko, uache wazi nusu saa, shusha kipima gesi kwa kamba hadi sakafuni kabla ya mtu. Kikisoma zaidi ya sehemu 5,000 kwa milioni, hakuna anayeshuka. Kwenye asilimia 10 mtu huzimia kwa dakika chache, na anayeingia kumwokoa huzimia juu yake. Mshumaa usiutumie kama kipimo, kwa sababu gesi humdhuru mtu kabla moto haujazimika. Refusha waya, loga ifungwe juu ya mfuniko kwenye sanduku lenye kufuli, na chemba yenyewe isiingiwe. Tena namba ile ya sakafuni iandike kwenye daftari kila unapofungua, pamoja na shinikizo la saa hiyo; Dada ataitaka.